Haki ya Kupewa na Haki ya Kudai

Haki ni moja, lakini njia zake za kumfikia mtu ni mbili. Yaweza kumfikia kama zawadi itokayo mkononi mwa mwenye nguvu, na yaweza kumfikia kama deni lililodaiwa na mwenyewe hata likalipwa. Watu wengi hudhani kuwa njia hizi hazina tofauti, kwa kuwa mwisho wake ni mmoja: aliyekuwa hana sasa anacho. Katika insha hii nataka kuuliza kama dhana hiyo ni kweli. Nauliza hasa juu ya haki na usawa wa wanawake, maana ni machache mambo ambayo watu wengi kiasi hicho wameyasemea kwa niaba ya wenyewe, na wenyewe wakasikilizwa kwa uchache kiasi hicho.

Wahenga wetu wana methali isemayo: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii yasifiwa sana, nayo yastahili sifa, kwa kuwa yamkumbusha mwenye nguvu kwamba nguvu zake zina mpaka. Walakini tukiitazama vizuri twaona ndani yake watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaoambiwa. Hao ndio wanyongao, na hao ndio wapao. Wa pili ni mnyonge. Yeye haambiwi neno wala hasemi neno. Hunyongwa akanyamaza, hupewa akanyamaza. Haki yake yategemea dhamiri ya mtu yule yule aliyemshika shingo.

Iko methali ya pili isemayo: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii yampa aumwaye heshima kubwa zaidi, kwa kuwa yamfanya kuwa mjuzi. Lakini hata hii haikusema ni nani atakayekitoa kitanda nje na kukianika juani. Kati ya methali hizi mbili ndipo lilipo swali letu. Je, mwenye kukilalia kitanda atosha kuwa shahidi tu wa kunguni, au ndiye apasaye kuongoza kazi ya kukisafisha?

Pana majibu matatu yasikikayo mara kwa mara. Jibu la kwanza lasema kuwa haki ni kama dawa. Huponya ikitolewa na mkono wowote, na mgonjwa hana haja ya kuwa mganga. La pili lasema kuwa usawa wa wanawake ni mgeni katika nchi zetu. Umeshuka bandarini pamoja na bidhaa nyingine, na mwanamke auongozaye huiga watu wa mbali. La tatu lakubali kuwa mwanamke aongoze, ila lataka kwanza asome, apate mali, apate cheo, ndipo asimame mbele ya watu. Majibu haya nitayapima kwa mfano wa mahali pamoja tunapopafahamu sote, yaani Kariakoo ya Dar es Salaam, maana hoja isiyopimwa kwa mahali na watu huelea kama povu.

Jina la Kariakoo lenyewe lina mafunzo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokaa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wale walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, wakafa kwa maelfu mengi, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kwa hiyo sehemu hii ya mji ilipata jina lake kwa watu waliobeba sana na kutajwa kidogo. Wapagazi walikuwa wanaume. Lakini mtu akitafuta maneno ya kueleza hali ya wanawake wengi wa mji katika miaka iliyofuata, hatapata yafaayo kuliko hayo.

Mwaka 1954, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilizaliwa katika mtaa uitwao leo Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Waliokaa katika mkutano ule wa kwanza walikuwa wanaume. Yasimuliwa kuwa mwaka uliofuata John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alipowatembelea viongozi, aliwauliza wanawake wako wapi. Swali lile liliwafanya viongozi watafute jibu kwa haraka. Jibu halikupatikana katika shule wala maofisini. Lilipatikana katika ngoma. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba, alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, naye akawaendea wenzake wa vikundi vingine: viongozi wa ngoma, wapika pombe, wauza vitumbua na maandazi, wenye nyumba za kupangisha. Pamoja naye walikuwako wanawake kama Bibi Tatu binti Mzee na Bibi Halima Hamisi. Kwa muda mfupi mikutano ya Mnazi Mmoja ilijaa wanawake.

Mtetezi wa jibu la pili ataruka hapa na kusema: Waona? Swali lenyewe lilitoka katika kinywa cha Mwingereza. Namjibu kuwa swali laweza kutoka kokote, na jibu likawa la wenyeji. Mpita njia aweza kuuliza kisima kiko wapi. Kuuliza kwake hakukukichimba. Hatch alipouliza, vikundi vya wanawake vilikuwa vimekwisha kuwako kwa miaka mingi. Vilikuwa na viongozi waliochaguliwa na kutiiwa, vilikuwa na michango, sare, zamu za kusaidiana katika arusi na matanga, na desturi ya kushindana hadharani bila kuona haya. Mtu aliyezoea kusimamia mambo hayo hakuhitaji kufundishwa maana ya tawi, ada ya uanachama, wala mkutano. Mwanachuo Susan Geiger, aliyeyakusanya masimulizi ya wanawake hao na kuyatoa katika kitabu mwaka 1997, alifikia uamuzi kuwa wao hawakuupokea utaifa uliokwisha kutungwa na wanaume wasomi, bali walishiriki katika kuujenga. Ngoma zao zilikuwa zimewakusanya watu wa makabila mengi kabla siasa haijawakusanya.

Tena watetezi wa jibu hili hupenda kutaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika pwani ya Lamu, ambamo mama amwusia binti yake amheshimu na kumridhi mume. Hawakosi kusema kweli. Wasia huo umo. Lakini na wao wakumbuke ni nani alaye kiti cha mwalimu katika utendi ule. Ni mwanamke, aandikaye kwa jina lake, katika utungo ambao wanaume wa pwani waliunakili na kuuhifadhi kwa zaidi ya miaka mia. Wakumbuke pia Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, na ambaye nyimbo zake hazikuogopa kutaja dhuluma walizotendewa wanawake na hukumu zilizopotoka mahakamani. Shaaban Robert aliona kuwa maisha yake yastahili wasifu. Mwana Kupona alifundisha utii, Siti alishitaki dhuluma. Lakini wote wawili walisema mbele ya watu wakasikilizwa. Ulimi wa mwanamke hadharani si mgeni kwetu. Mgeni, kama yuko, ni yule ajaye kuunyamazisha na kudai kuwa kimya ndiyo mila.

Jibu la tatu, yaani kwamba mwanamke angoje elimu na mali kwanza, lajibiwa na jambo moja la aibu katika historia yetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1958, uliojulikana kwa jina la kura tatu, mpiga kura alitakiwa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya namna iliyotajwa katika sheria. Kwa masharti haya wanawake wengi waliokuwa wamekijaza chama, waliozunguka nyumba kwa nyumba na kuuza kadi, hawakuruhusiwa kukipigia chama chao kura. Waliimba na kuchanga ili wengine wachague. Sheria ile ilisema kuwa hawajakomaa. Na matendo yao yalisema kuwa wamewatangulia waliotunga sheria. Kama wangengoja wafuzu mtihani wa wakubwa wao, uhuru wa mwaka 1961 ungewakuta wamekaa barazani. Basi twajifunza kuwa sifa ya kuongoza madai ya haki haipatikani kwa cheti. Hupatikana kwa kulijua jambo na kwa kukubali kulipa gharama yake.

Na gharama ilikuwako. Mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe hata kutoka nyumbani. Kwenda mkutanoni jioni, kati ya wanaume, kulihatarisha jina lake na wakati mwingine ndoa yake. Mwanamume aliyejiunga na chama aliogopa serikali. Mwanamke aliogopa serikali, akaogopa na nyumba yake. Hili ndilo linalonifanya niseme kuwa, hata pale waliposema juu ya uhuru wa nchi tu, wanawake hawa walikuwa wakidai usawa. Hakuna aliyeweza kupanda jukwaani kudai nchi ijitawale bila kuwa amekwisha kudai, kimya kimya, kwamba yeye mwenyewe ajitawale.

Limebaki jibu la kwanza, lenye nguvu kuliko mengine: kwamba haki huponya ikitoka mkono wowote. Jibu hili halina ubaya wa kudharau wala wa kuchelewesha. Huenda likasemwa na mtu mwema kabisa. Nalipinga kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ujuzi. Chukua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ilikuwa sheria yenye mema mengi. Ilitaka ndoa iwe ya hiari, ilimtambua mke kuwa aweza kumiliki mali yake, ilikataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Wanawake wa UWT, umoja ulioanzishwa mwaka 1962 na Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, waliiunga mkono. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hali mvulana alitakiwa afikishe 18. Kwa nini wanawake wale hodari hawakulizuia jambo hili? Kwa maoni yangu ni kwa kuwa msichana wa miaka 15 hakuwamo barazani. Waliokuwamo walikuwa wamekwisha kuivuka miaka hiyo. Kwa hiyo neno “wanawake” nalo si kitanda kimoja. Lina vitanda vingi, na kila kimoja kina kunguni wake. Miaka 45 ilipita mpaka mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alipovipeleka vifungu vile Mahakama Kuu, nayo mwaka 2016 ikavitangaza kuwa vyapingana na katiba, na kuipa serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Mwaka ule ulipita bila marekebisho. Serikali ilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo mwaka 2019.

Sababu ya pili ni uthabiti. Kilichotolewa kwa ukarimu hurudishwa kwa hasira. Mtoaji zawadi hubaki na kumbukumbu kwamba alitoa, na siku akiona hakushukuriwa vya kutosha hukumbusha. Wangapi wameambiwa, “Tumewapa uhuru, sasa mwatuvunjia heshima”? Maneno hayo hayasemwi kwa mtu aliyelipwa deni lake. Alipaye deni hana masimango. Akiyatoa, watu humcheka. Haki iliyodaiwa na mwenyewe ina mlinzi asiyelala, kwa sababu aliyeipata ajua bei yake.

Sababu ya tatu, nayo kwangu ni kubwa kuliko zote, ni kwamba kudai humbadili mdai. Mtu apewaye haki hupata kitu. Mtu adaiye haki huwa kitu. Mwanamke wa Kariakoo aliyesimama Mnazi Mmoja mwaka 1955 hakuwa na haki mpya hata moja jioni ile alipotembea kurudi nyumbani. Sheria zilikuwa zile zile, na mume alikuwa yule yule. Lakini alikuwa amesikia sauti yake ikijibiwa na maelfu, na mtu aliyesikia hivyo hawezi tena kuamini kuwa kimya ni maumbile yake.

Nimesema mazuri ya kuongoza, na sasa haki yanitaka niseme uzito wake. Mfano wa Bibi Titi hauishii katika shangwe. Alishindwa uchaguzi wa Bunge mwaka 1965. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana nalo, akatoka katika uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akafunguliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara ipitayo kando ya Mnazi Mmoja yaitwa kwa jina lake. Wako waonao kuwa maisha haya yabomoa hoja yangu: yule aliyeongoza madai hakuwa mtu asiye na lawama.

Nasema hayaibomoi. Uhalali wa deni hautegemei ukamilifu wa mdai. Mtu akinidai shilingi mia, siwezi kujibu kuwa yeye ni mkali, au ana nyumba mbili, au alikosana na jirani. Shilingi mia ni shilingi mia. Ajabu ni kwamba wanaume waliopigania uhuru tuliwapima kwa kazi yao na kuwasamehe tabia zao, lakini mwanamke tulimtaka awe malaika ndipo tukubali kuwa alidai kwa haki. Kumtaka mnyonge awe mkamilifu kabla ya kumsikiliza ni kumnyonga mara ya pili.

Jambo jingine zito ni kwamba afunguaye mlango huenda asiingie. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, nayo ikatamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Tamko hilo limewafaa wanawake wengi waliokuwa wamepika, wamefua na kulea bila kuandikiwa stakabadhi. Lakini yeye mwenyewe, kwa mambo mengine ya shauri lake, hakupata fungu katika nyumba iliyogombaniwa. Je, alishindwa? Kwa hesabu ya soko, alishindwa. Kwa hesabu ya haki, alipanda mti ambao kivuli chake kiliwafikia wengine. Sisemi hili kwa kumfariji mtu, maana kivuli cha wengine hakimpozi aliyesimama juani. Nalisema ili ijulikane kuwa tunapowataka wanawake waongoze, twawaomba jambo ghali, wala haifai tuliombe kwa wepesi.

Hata hivyo wako walioitika, na si wa zamani tu. Katika masoko ya Dar es Salaam mwanamke mchuuzi kwa muda mrefu amevumilia matusi na kushikwashikwa, kana kwamba ni sehemu ya ushuru wa soko. Wengi waliambiwa wazoee, kwa kuwa soko ndivyo lilivyo. Katika miaka ya karibuni shirika la Equality for Growth liliendesha masokoni kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi, na ndani yake wachuuzi wanawake wenyewe walifundishwa sheria wakawa wasaidizi wa wenzao. Yatazame maneno yale manne. Hayakusema “mhurumie” wala “mlinde.” Yalimtaja mwanamke kama mtu aliyekuja sokoni kwa biashara, naye adai kile kile akidaicho kila mfanya biashara: riziki kwa bidhaa yake na heshima kwa nafsi yake. Mtu asiyeuza nyanya juani angeona tusi kuwa jambo dogo mbele ya njaa na kodi. Auzaye nyanya ajua kuwa tusi ndilo limfukuzalo mezani pake, na akifukuzwa mezani njaa na kodi humfuata nyuma.

Huenda mtu akaniambia kuwa haja imekwisha, kwa kuwa mwaka 2021 mwanamke aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania kwa mara ya kwanza. Ni tukio kubwa, na mtoto wa kike aliyeliona hawezi kusadiki kuwa kiti kile si cha jinsia yake. Lakini kiti kimoja cha juu hakiuondoi mpimo wetu. Tukitaka kujua kama haki imefika, tumwulize mwanamke aliye chini kuliko wote mtaani Kongo au Narung'ombe kama akidai husikilizwa.

Mimi niandikaye ni mwanamume, na yafaa maneno yangu yahukumiwe kwa kanuni yake yenyewe. Ikiwa aumwaye ndiye apasaye kuongoza, mimi nina kazi gani? Naona tunazo kazi tatu. Ya kwanza ni kupisha, maana mlango mwembamba hauingiwi na mtu mpya ikiwa wa zamani amesimama kizingitini. Ya pili ni kushuhudia kweli, hata iwapo kweli yatupunguzia sisi fungu. Ya tatu ni kulipa, kila mtu nyumbani mwake, deni asilodaiwa mahakamani: kazi iliyofanywa bila shukrani, neno lililokatizwa, usingizi uliokosekana kwa ajili yetu. Kazi hizi hazina jukwaa wala makofi, na labda ndiyo sababu wengi wetu huzikwepa, tukachagua badala yake kutoa hotuba juu ya wanawake.

Basi swali letu lapata jibu. Haki ya kupewa na haki ya kudai si kitu kimoja, ijapokuwa sheria huziandika kwa wino mmoja. Ya kwanza yaweza kumwondolea mtu taabu na kumwacha mnyonge. Ya pili yamwondolea unyonge hata kabla taabu haijaisha. Methali ya wahenga haina haja ya kutupwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, yabaki kuwa onyo jema kwa wenye nguvu. Lakini na tuwafundishe watoto wetu, wa kike na wa kiume, kuwa mnyonge aliyemo katika methali ile ana mikono na ana kinywa. Mwenye kinywa asiposema, wengine humsemea. Na wakisha kumsemea kwa muda mrefu, huanza kuamini kuwa kinywa kile ni chao.